Niliificha Picha ya Meno Ili Mume Wangu Akome

Nina umri wa miaka arobaini na tatu. Naishi Kabiria, hapa Nairobi, nyumba ya chumba kimoja na sebule, pamoja na binti yangu na mwanamume ambaye zamani nilimwita mume. Wasomaji wenzangu, sikuja hapa kuomba mnihurumie. Nimekuja kusema nililolifanya, maana limenikaa kifuani hadi nashindwa kupumua. Mkimaliza kusoma mnitukane mkitaka. Nimezoea.

Protus na mimi tulitoka magharibi mwa Kenya tukiwa tayari tumeoana. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshafika kwa baba yangu, wazee wamekula na kushiba, hakuna aliyedai kitu. Yeye alikuwa fundi wa umeme. Mimi nilipata kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, na nilikaa hapo miaka tisa. Mungu alitupa mtoto mmoja tu, Faith, ambaye mambo haya yalipotokea alikuwa na miaka ishirini na yuko mwaka wa pili katika chuo cha ualimu.

Kazi yangu haikuwa ngumu. Nilifungua faili, nilipokea simu, niliwaita wagonjwa. Kliniki yetu haikuwa na ile mashine kubwa ya kupiga picha ya mdomo mzima, kwa hiyo mgonjwa alitumwa jengo la jirani, picha ikaletwa jioni, na daktari akaisoma asubuhi. Akiona jambo, aliandika barua, akaitia pamoja na picha ndani ya bahasha ya kaki na kunikabidhi. Mimi nilimpigia mgonjwa, kisha nikaandika katika kitabu cha simu jina lake na alivyojibu. Daktari hakukikagua kitabu hicho hata siku moja. Aliniamini!

Tulimwita Daktari Rukia. Mama wa makamo kutoka Mombasa, mwenye Kiswahili kilichowafanya wagonjwa wa Nairobi watabasamu hata meno yakiwauma. Mimi aliniita mwanangu. Hakuwahi kunifanyia ubaya wowote, nataka mlijue hilo mapema.

Sasa niwaambie kuhusu Lilian.

Lilian aliimba sauti ya pili pamoja nami katika kwaya ya kanisa. Alikuwa akiishi Mountain View, nyumba nzuri yenye kibaraza na maua, aliyoachiwa na ndugu yake aliyehamia ng'ambo. Alikula kwangu mara ngapi? Sijui. Nilimwazima nguo, nilimlilia shida zangu, nilimwombea apate mume. Naam, nilimwombea kwa magoti! Siku moja akalalamika kwamba taa za nyumbani kwake zinazimika ovyo. Nani alimwambia Protus aende akazitazame? Mimi! Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Akaenda akatengeneza. Akarudi tena kutengeneza. Taa za nyumba ile ziliharibika kila wiki kwa muda wa miezi mitano...

Wakati huohuo alikuwa amepata kazi kubwa ya kuweka nyaya katika maghorofa mapya kule Parklands. Mashati mapya yakaanza. Manukato yakaanza. Jumamosi moja mchana, mimi nikianua nguo, alitoka na begi mkononi na televisheni kwapani. Nilimuuliza anaipeleka wapi. Alinijibu kwamba amechoka kulala na mwanamke anayenuka dawa za kliniki.

Hayo ndiyo maneno ya kuagana niliyopewa baada ya miaka ishirini na mmoja.

Kwaya nzima ilijua baada ya wiki moja. Lakini kazini sikusema. Ningesemaje? Wenzangu wote walikuwa wanajisifia mabwana zao wakati wa chai. Wakiniuliza habari za nyumbani nilisema Baba Faith hajambo, anawasalimu. Na kwenye rekodi za kliniki jina lake likabaki palepale: mume. Hilo lilikuwa na maana, kwa sababu mume au mke wa mfanyakazi alitibiwa bila kulipa.

Protus alilijua hilo vizuri. Na alinijua mimi. Alijua ningekufa kwanza kabla ya kujiaibisha mbele ya wenzangu.

Miezi minne baada ya kuondoka, mlango wa kliniki ulifunguliwa akaingia. Ana pengo! Jino la mbele halipo! Na nyuma yake, jamani, nyuma yake ameingia Lilian na viatu vyekundu, amekaa kwenye benchi la wagonjwa mguu juu ya mguu.

Aliinama kwenye meza yangu akasema kwa sauti ya chini, "Mama Faith, tafadhali usilete drama hapa. Ni jino tu. Mwisho wa mwezi naenda kwa wazazi wa Lilian, na siwezi enda na hii pengo."

Mwajua nilifanya nini? Nilichukua kalamu nikajaza fomu. Daktari Rukia alipotokea alimkumbatia kwa maneno, karibu shemeji, umepotea, na huyu mwenzako ni nani? Protus akasema bila kupepesa macho kwamba huyu ni dada yake. Lilian akacheka. Daktari akampa mkono dada. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nimeshika faili, natabasamu.

Jino lenyewe halikung'olewa na mtu. Alikuwa anakula mahindi ya kuchemsha, likabaki kwenye gunzi. Nilipomsikia akieleza hayo nilikumbuka mengine. Miaka miwili ya mwisho kwangu fizi zake zilikuwa zinatoka damu, foronya ilikuwa na madoa kila asubuhi. Alikunywa maji jagi zima na bado ana kiu. Kidonda cha mguuni kilikaa miezi bila kupona. Mdomo ulinuka, nikamnunulia dawa ya kusukutua, akanikasirikia wiki nzima. Tulidhani ni uchovu. Nani kwetu anaenda hospitali kwa sababu ana kiu?

Daktari alichukua vipimo vya kutengenezea jino la kubandika, kisha akamtuma jengo la jirani apigwe picha ya mdomo mzima. Ikaletwa jioni nikaiweka mezani kwake.

Kesho yake Daktari Rukia alikuja mapema kuliko siku zote. Mamake alikuwa mgonjwa, na alikuwa na tiketi ya kwenda Mombasa adhuhuri ile. Aliiweka picha kwenye kile kisanduku cha taa, akaitazama kwa karibu. Kisha akaniita, na sauti yake haikuwa ile ya utani.

"Tazama, mwanangu. Huu mfupa unaoshika meno umeliwa. Kwa mtu wa umri wake si jambo la kawaida, nashuku ni sukari. Haya, shuka hapa shingoni, chini ya pembe ya taya. Waviona vidoa hivi vyeupe mfano wa chokaa?"

Niliviona. Vilikuwa vidogo, vimejipanga ovyo.

Akanieleza kwamba hapo ndipo unapopita mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani, na vidoa vile huenda ni mafuta yaliyoganda ndani ya mshipa na kuwa magumu. Alisema picha ya meno pekee haikati kesi, kwa sababu haikupigwa kwa ajili ya mishipa, lakini mtu akionekana na dalili kama zile asikae. Aende hospitali wiki ileile apimwe sukari, presha na mshipa wa shingo, maana mambo haya yakidakwa mapema yana dawa. Jino lingoje. Aliandika barua, akaitia na picha katika bahasha, akanipa.

"Ningempigia simu mwenyewe," akasema, "lakini nani bora kuliko mkewe? Mweleze kwa upole usiku huu mkiwa mwala."

Mkiwa mwala! Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kumwambia kwamba shemeji yake anakula Mountain View kwenye sahani za mwanamke aliyempa mkono jana. Sikusema. Nilisema sawa, Daktari. Akafunga mkoba wake akaondoka.

Wasomaji, nataka niwe mkweli hapa kwa sababu nimewadanganya watu wa kutosha. Je, nilitaka afe? Hapana. Naapa. Nilitaka aende kwa wakwe zake wapya, halafu aanguke miguuni pao. Nilitaka meno yamtoke moja baada ya jingine mbele ya Lilian. Nilitaka Lilian afue foronya zenye damu. Nilijiambia, yeye si ameamua kwamba ana mke mwingine? Basi huyo mke mwingine amwone anavyokunywa maji, ampeleke hospitali yeye! Kwani mimi ni nani? Si mimi ni yule anayenuka dawa?

Nilifungua kitabu cha simu. Niliandika kwa mwandiko safi: Amepigiwa. Amesema ataenda.

Simu yenyewe sikuigusa. Nakala ya barua niliichomoa kwenye faili. Bahasha niliitia katika mkoba wangu, nikaenda nayo Kabiria, nikaizika kabatini chini ya vitenge.

Wiki iliyofuata jino likawa tayari. Aliyekuwa zamu ni daktari kijana aliyeshikilia nafasi ya Daktari Rukia. Alifungua faili, hakukuta onyo lolote, akambandika jino. Protus akatoka akasimama mbele ya kioo cha ukutani karibu na meza yangu, akajitabasamia kushoto na kulia. Kisha akanigeukia.

"Na ile picha? Ilikuwa sawa?"

Tulikuwa wawili tu. Mlango umefungwa, simu imenyamaza. Mungu alinipa nafasi nyeupe kabisa. Neno moja tu lingetosha!

"Ilikuwa safi," nikamwambia.

"Unaona sasa?" akasema. "Hivi ndio watu wakubwa wanaishi, bila makelele." Akanipigapiga begani na kwenda zake.

Kama kulikuwa na huruma iliyokuwa imebaki ndani yangu, ule mkono begani uliiua. Na nikubali jambo la aibu zaidi... nililala vizuri. Miezi minne nilikuwa silali, lakini wiki ile nililala kama mtoto! Nilipika chapati. Niliimba nikifua. Kila nilipokumbuka vile vidoa vyeupe nilihisi nimeshika kitu chake mkononi, na yeye hajui.

Picha za sherehe zilitumwa kwenye kikundi cha kwaya. Protus katika suti ya kijivu, amekaa katikati ya wazee wa kwa kina Lilian, anacheka meno yote. Wenzangu wa kwaya walidhani nimeumia, wakanipigia kunifariji. Mimi nilikuwa nimeikuza ile picha kwa vidole viwili, natazama shingo yake juu ya kola.

Daktari Rukia aliporudi aliniuliza, je, shemeji alikwenda? Nikamwambia nimemweleza, amesema atakwenda. Akasema Inshallah. Hakutaka kuona kitabu.

Zikapita kama wiki sita. Jumapili moja tukitoka kanisani, simu yangu ililia. Lilian! Hakuwa amenipigia tangu amchukue Protus. Sauti ilikuwa imempasuka.

"Mama Faith, kuja haraka. Kuja uone bwanako."

Bwanako! Miezi yote ile alikuwa wake, ameanguka leo amekuwa wangu!

Protus alikuwa amekaa kunywa chai asubuhi, kikombe kikamponyoka. Lilian alimkemea kwa kuchafua zulia, akadhani ni uzembe. Alipomtazama tena mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja na mate yanatiririka. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimelala. Alijaribu kusema jina la mtu, ikatoka sauti tu.

Nilimkuta hospitalini kwenye kitanda cha pembeni. Faith alikuwa ameshafika kutoka chuoni, analia juu ya miguu ya babake. Nami nilipomwona, wasomaji... sitawaficha. Kitu cha kwanza ambacho moyo wangu ulisema ni: umekoma! Nililisikia neno hilo wazi. Kisha alinitazama kwa jicho lile moja lililokuwa linafunguka vizuri, akashika kidole changu kwa mkono wake mzima, hakukiachia. Hapo ndipo baridi iliponiingia.

Daktari wa pale alitueleza kwamba sukari yake ilikuwa juu sana, tena yaelekea kwa miaka, na mshipa wa shingo upande wa kushoto ulikuwa umeziba karibu wote.

"Hizi vitu hazikujangi siku moja," akasema. "Hamkuwahi ambiwa mahali popote? Hakuna mtu alionanga dalili?"

Faith alisema hapana. Lilian alisema hapana. Nami nikasema hapana.

Lilian alimstahimili wiki tatu. Sina la ziada la kusema juu ya mapenzi yale makubwa. Wiki tatu! Alikuja Kabiria na pikapu, Protus ameketi nyuma amefunikwa blanketi, kando yake godoro na begi lilelile. Televisheni haikurudi. Nilimwambia arudi naye alikomtoa. Nilipiga kelele majirani wakatoka. Akanijibu kwamba yeye ni mwanamke mdogo, hawezi kubadilisha nepi za mtu mzima, akawasha gari.

Nilimpigia kaka mkubwa wa Protus kule nyumbani nikidhani atakuja kumchukua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa upole kabisa.

"Shemeji, ng'ombe zetu zilienda kwa baba yako. Kwa huyo mwingine tulipeleka soda na ahadi. Huyu ni bwanako. Wewe ndiye tunajua."

Ndivyo ilivyo kwetu. Mwanamke aliyetolewa ng'ombe na hawakurudishwa, hajaachwa, hata akiachwa. Nililijua hilo tangu utotoni, nikalisahau siku ile nilipohitaji kulikumbuka. Nilikuwa nimemtegea Lilian mtego, na mtego ukaja kufyatuka sebuleni kwangu.

Ikawa maisha. Kumgeuza ubavu asipate vidonda. Kumwosha. Kumlisha kwa kijiko na kumpangusa kidevu. Kumdunga sindano ya sukari. Asubuhi nilikuwa kazini, kwa hiyo nani abaki naye? Faith aliacha chuo. Hakuniambia, alirudi tu na sanduku lake, akakunja mikono ya blauzi akaanza kufua. Mwaka mmoja tu ulikuwa umembakia awe mwalimu.

Wamama wa kanisa walikuja kututembelea na sukari na unga. Walikaa wakanitazama nikimlisha, wakapangusa machozi. Mmoja akasema katika maombi kwamba mimi ni mfano kwa wake wote, mwanamke niliyemrudisha mume aliyenitupa. Amina zikajaa nyumba. Na Protus, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kurudisha maneno machache, alinigeukia mbele yao wote akasema, "Sa...nte... Mama." Nilimchukia kuliko siku aliyobeba televisheni. Angenitukana ningeweza kuvumilia. Lakini asante?

Mambo yalifichuka Jumamosi moja alasiri, na hayakufichuliwa na adui. Daktari Rukia alikuja kumwona mgonjwa. Alileta mahamri aliyopika mwenyewe na maziwa kwa ajili ya Faith. Aliketi karibu na kitanda akamshika Protus mkono, akampa pole nyingi. Kisha, kwa huzuni tu, wala si kwa lawama, akamwambia:

"Lakini shemeji, mbona ulipuuza? Nilikuandikia barua. Mkeo akakueleza. Si niliomba uende ukapimwe?"

Protus alikunja uso. Alitikisa kichwa polepole. Hapana.

"Hukuambiwa?"

Akatikisa tena. Akanitazama mimi.

Wasomaji, nilikuwa na mlango wa kutokea na nikaingia humo mbio! Nikasema, "Ugonjwa umemharibu kumbukumbu, Daktari. Hata jana amesahau jina la mtoto." Uongo! Hajawahi kusahau jina la Faith. Ndilo la kwanza alilojifunza kutamka tena.

Faith aliweka sufuria chini. Aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu nisiyemjua.

"Baba, ulikuwa umeambiwa?" akasema. "Ulikuwa unajua na hukuenda? Juu ya sherehe? Mimi nimeacha shule nakuosha kila siku, kumbe ulikuwa umeambiwa?"

Protus alijaribu kujitetea. Midomo ilihangaika, shingo ikasimama mishipa, sauti ikatoka vipandevipande ambavyo havikuungana kuwa neno. Aliinua mkono wake mzima, akaupunga, akaushusha. Machozi yakamshuka upande mmoja. Na Faith hakunyamaza! Alimwambia kwamba alimtupa mama yake kwa kiburi na sasa amemmaliza na yeye kwa kiburi hichohicho. Miezi yote ile nilitamani mtu amwambie Protus maneno kama hayo. Haya, yalikuwa yanasemwa mbele yangu, na binti yake mwenyewe, naye hana ulimi wa kujibu. Mbona sikushiba?

Niliingia chumbani. Nilitoa vitenge kimoja kimoja nikavitupa sakafuni mpaka nikaifikia bahasha. Nikarudi nayo, nikaiweka juu ya blanketi.

Daktari aliufahamu mwandiko wake kabla hajaigusa. Aliitoa picha, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na sote tukaiona, taya na meno na vile vidoa shingoni. Niliwaambia yote. Niliwaambia kuhusu Lilian kwenye benchi, kuhusu kitabu cha simu, kuhusu kioo na swali lake na jibu langu. Sikujitetea sana. Nilisema tu kwamba alinitupa, na nikamtaka akome.

Daktari Rukia aliirudisha picha katika bahasha taratibu. Alisema kwamba na yeye ana kosa, kwamba ilikuwa juu yake kuushika ule mkono wa simu mwenyewe. Kisha akaniambia hataweza kuniacha niketi tena kwenye meza ile, kwa sababu wapo wagonjwa wengine, na kila jina lililo katika kitabu kile sasa itabidi lipigiwe upya. Hakuniita mwanangu. Aliniita Everlyne, na akaondoka.

Faith alikuwa amekaa chini sakafuni, kichwa chake kimeegemea godoro la babake. Nilimwambia anisamehe, kwamba nilikuwa nalipiza kwa yule aliyenivunjia nyumba. Alijibu bila kuniangalia.

"Mama, wewe ulikuwa unamlipiza bwanako. Lakini mimi nilikuwa na baba."

Nilirudi chumbani nikaanza kuokota vitenge.

Mtauliza kama bado nina hasira. Ninayo! Lilian namwona kanisani akiimba, na bado damu yangu huchemka. Protus alinikosea, na kupooza kwake hakujafuta alichonifanyia. Sitawadanganya kwamba nimekuwa malaika. Lakini alinikosea kama mke, na mimi nikamjibu mahali ambapo hakunijua kama mke, alinijua kama mtu wa kliniki aliyeshika afya yake mkononi. Ningemchomea suti! Ningemwaibisha mbele ya wagonjwa wote na dada yake wa uongo! Nilikuwa na haki ya kupiga kelele, na nikachagua kunyamaza.

Kwa hiyo nawasihi, hasa ninyi mlioumizwa kama mimi. Semeni aibu yenu mapema, kazini na nyumbani, kwa sababu ile niliyoificha ndiyo iliyonipa nafasi ya kumlemaza mtu. Na ninyi mnaodhani daktari wa meno anatazama meno tu, fizi zikitoka damu na jino likidondoka lenyewe, ulizeni. Ombeni picha yenu muishike wenyewe. Muulizeni daktari ana kwa ana ameona nini, msitume mke wala mume. Na kama umepewa neno la kumwokoa mtu unayemchukia, umfikishie kwanza. Mchukie baadaye, muda utakuwepo.

Sasa hivi ni saa saba na nusu mchana. Faith ameenda chuoni kuomba apokewe tena, na hatarudi kabla ya jioni. Tangu siku ile Protus anakula kwa mkono wa Faith tu. Leo nimepika uji wa wimbi anaoupenda, nimeupoza, nimemletea mara mbili. Najua ana njaa, tumbo lake nalisikia kutoka hapa nilipoketi. Amefumba mdomo, anatazama mlango.